Mashine ya presha ya dijitali au ya kupampu: ipi inasema kweli, na kwa nani?

Mama anapimwa presha kliniki kwa mashine ya kupampu, anaandikiwa 130/80. Anarudi nyumbani, anafunga mkanda wa mashine ya dijitali aliyonunuliwa na mwanawe, kioo kinaonesha 147/91. Hapo mabishano yanaanza. Mama anasema mashine ya mtoto ni mbovu. Mtoto anasema muuguzi hakusikia vizuri. Jirani naye anachangia kwamba hizi za betri zote ni urembo tu, hata daktari hazitumii. Ajabu ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa na hoja, maana mashine hizi mbili zinapima kwa njia tofauti kabisa na kila moja ina namna yake ya kudanganya.

Kwa mwenye haraka ya kwenda dukani, jibu langu ni hili: kwa nyumbani nunua ya dijitali, ya kufunga juu ya mkono kati ya bega na kiwiko, modeli iliyofanyiwa uhakiki, na mkanda unaoendana na unene wa mkono wako. Ya kupampu mwachie mwenye sikio lililofundishwa. Ila wapo watu ambao jibu hilo haliwafai, na hao ndio walionifanya niandike kirefu.

Kila moja inavyopima

Ya kupampu inategemea sikio. Mkanda unajazwa upepo hadi unabana mshipa na damu inasimama, kisha mpimaji anafungua skrubu kidogo kidogo upepo utoke, stetoskopu ikiwa imewekwa upande wa ndani wa kiwiko. Damu ikianza kupenya inagonga: du, du, du. Mdundo wa kwanza ndio namba ya juu. Sauti ikipotea kabisa, hapo ndipo namba ya chini. Mkanda tunadaiwa na Scipione Riva-Rocci, daktari wa Turin, mwaka 1896, na kusikiliza kwa stetoskopu tunadaiwa na Nikolai Korotkov, daktari wa jeshi la Urusi, mwaka 1905. Tangu wakati huo kanuni ni ileile. Kilichoondoka ni zebaki: Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kusafirisha vipima presha vya zebaki, kwa hiyo za kupampu utakazouziwa leo karibu zote ni za mshale, zile zenye uso wa duara kama saa.

Ya dijitali haisikilizi chochote. Inahisi mitetemo midogo ya upepo ndani ya mkanda, ile inayosababishwa na mshipa kudunda chini yake. Mitetemo hiyo inaanza midogo, inakua, inafika kilele, inapungua. Kwenye kilele, shinikizo la mkanda linalingana na wastani wa presha ndani ya mshipa, na hicho ndicho kitu pekee ambacho mashine inakipima moja kwa moja. Namba ya juu na namba ya chini unazoziona kwenye kioo ni makadirio: mashine inachukua umbo la mitetemo na kuipitisha kwenye fomula, na fomula hiyo kila kampuni inaificha kama siri ya biashara. Ndiyo maana mashine mbili za dijitali za kampuni tofauti, mkono mmoja, dakika chache zikipishana, zinaweza kukupa majibu yasiyofanana bila hata moja kuwa imeharibika.

Kosa linakaa wapi

Hapa ndipo penye kiini cha ulinganisho wote. Ukweli wa mashine ya kupampu unaamuliwa upya kila inaposhikwa, na yule anayeishika. Ukweli wa ya dijitali uliamuliwa zamani, kiwandani, kabla haijaingia kwenye boksi.

Tuanze na ya kupampu. Upepo unatakiwa utoke kwa kasi ya milimita 2 hadi 3 kwa sekunde (milimita za zebaki, ambazo ndizo kipimo cha presha). Ni polepole kuliko unavyofikiri. Kutoka 180 mpaka 70 kwa kasi hiyo ni kati ya sekunde 37 na 55, na huo ni mkono mmoja wa mgonjwa mmoja. Sasa weka benchi limejaa watu nje ya mlango na muuguzi mmoja ndani. Mkono unaachia skrubu, mshale unashuka milimita 10 kwa sekunde. Kama moyo wa mgonjwa unapiga mara 60 kwa dakika, kati ya mpigo na mpigo mshale umeshapita milimita 10. Sauti ya kwanza inaweza kumpita mpimaji, namba ya juu ikaandikwa ndogo kuliko ilivyo, na namba ya chini nayo ikapanda.

Kisha kuna ugonjwa wa sifuri. Uso wa mashine ya mshale una vistari vya kila milimita 2, kwa hiyo majibu yanatakiwa yaishie na 0, 2, 4, 6 au 8 kwa uwiano unaokaribiana. Chukua kadi yoyote ya kliniki ya presha uisome: 120/80, 130/80, 140/90, 150/100. Mishipa ya watu haipendi sifuri kiasi hicho. Ni mpimaji anayezungusha, mara nyingi bila hata kujijua. Lingekuwa jambo dogo kama uamuzi wa kuanza dawa usingesimama kwenye 140/90. Mtu wa 144 akiandikwa 140 na mtu wa 136 naye akiandikwa 140, wote wamepewa jibu moja ilhali habari zao ni mbili.

La tatu ni hatari zaidi ingawa halitokei kwa kila mtu. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye presha kubwa na mishipa iliyokakamaa, sauti zinaanza juu, zinanyamaza katikati, kisha zinarudi. Mpimaji aliyepampu kidogo akaishia ndani ya ule ukimya atazisikia zile za pili tu, na mtu mwenye 190 anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa yuko vizuri. Dawa yake inafundishwa chuoni: shika mshipa wa kwenye kifundo cha mkono, pampu hadi usiusikie tena vidoleni, ongeza milimita 30, ndipo ushuke. Tazama siku nyingine utakapopimwa kama kuna anayekushika kifundo.

Na mshale wenyewe una umri. Mashine ikidondoka mezani, au springi yake ikichoka, inaanza kupotoka taratibu bila dalili. Kabla mkanda haujajazwa, mshale unapaswa kulala kwenye sifuri. Ukiukuta juu au chini ya hapo, usiitumie. Lakini hata ukilala kwenye sifuri hujathibitisha kwamba ukifika 150 ni 150 kweli. Ndiyo maana mashine za mshale zinatakiwa kupelekwa kulinganishwa na kipimo cha rejea kila baada ya miezi 6 hadi 12. Ulizia kwenye zahanati mara ya mwisho ilikuwa lini, uone nyuso.

Ya dijitali haina foleni, haipendi sifuri, haina sikio lililochoka saa nane mchana. Hizo ni faida kubwa na watu wa fani yetu tusizibeze. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeegemea upande wa mashine za dijitali zilizohakikiwa kwa matumizi ya vituo vingi vya afya, na sababu ni hizohizo nilizozieleza: ujuzi wa kusikiliza unapotea haraka usipofundishwa upya.

Udhaifu wake uko kwenye ile fomula. Kiwango cha kimataifa cha kuihakiki, ISO 81060-2 cha mwaka 2018, kinadai mashine ijaribiwe kwa watu wasiopungua 85, na tofauti ya wastani kati yake na kipimo cha rejea isizidi milimita 5, huku mtawanyiko wa tofauti hizo, yaani zinavyosambaa mbali na wastani wao, usizidi 8. Unajua kipimo cha rejea ni nini? Ni watu wawili waliofundishwa, wamechomeka stetoskopu yenye vichwa viwili, wanasikiliza mkono mmoja bila kuoneana majibu. Yaani hata leo, anayeihukumu mashine ya dijitali ni sikio la binadamu, ila sikio lisilo na haraka.

Sasa tuupige hesabu huo mtawanyiko wa 8. Tuseme mashine imefaulu kwa wastani wa sifuri kamili, lakini mtawanyiko wake uko palepale ukingoni. Hapo karibu kipimo 1 kati ya 5 kitakuwa kimepishana na masikio kwa zaidi ya milimita 10. Mashine imefaulu mtihani, cheti inacho, na bado kwako wewe binafsi inaweza kukosea kila siku kwa upande uleule, kwa sababu mishipa yako haifanani na ya wale 85. Wazee wenye mishipa migumu wamo sana katika kundi hili. Kwa hiyo uhakiki ni kama mizani ya dukani yenye muhuri wa serikali: muhuri unakuhakikishia mizani, hauihakikishii kila kilo utakayopimiwa.

Na hiyo ni kwa zilizohakikiwa. Mashine nyingi zilizoko sokoni duniani hazijawahi kupita kwenye mtihani huo kabisa. Alama ya CE, ile ya kuruhusiwa kuuzwa Ulaya, ikiwepo kwenye boksi haimaanishi zimepita. Maandishi ya «clinically proven» pia hayatoshi, kwa kuwa mwenye kuyaandika ni muuzaji. Njia ya uhakika ni kuandika jina la modeli kamili, na herufi zake zote za mwisho, kwenye orodha ya STRIDE BP ambayo iko wazi mtandaoni bila malipo. Kampuni moja inaweza kuwa na modeli iliyomo na nyingine inayofanana nayo kwa sura ambayo haimo. Muuza duka akikwambia «ni ileile tu, hii ni toleo jipya», mwambie akusubiri uangalie kwenye simu.

Mkanda unaweza kuharibu zote mbili

Watu wanabishana dijitali au kupampu huku wamevaa mkanda usio wao. Utafiti uliofanyika Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2023, ulipima watu kwa mashine moja ya dijitali ukibadilisha mikanda tu. Waliohitaji mkanda mkubwa wakafungwa wa kawaida, namba ya juu ilizidi kwa wastani wa milimita 4.8. Waliohitaji mkanda mkubwa kupita wote wakafungwa ule wa kawaida, ilizidi kwa milimita 19.5. Mtu mwenye 125 anasomeka karibu 145 na kuanzishiwa dawa ambazo hakuzihitaji. Mwenye mkono mwembamba aliyefungwa mkanda wa kawaida alipata kinyume chake: namba ilipungua kwa 3.6.

Chukua futi ya fundi cherehani. Mkono ukiwa umelegea, tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, zungusha futi hapo bila kukaza, soma sentimita. Kisha geuza mkanda wa mashine usome namba zilizochapishwa juu yake, kwa mfano 22–32. Mkono wako ukiwa na sentimita 35, mkanda huo haukufai hata kama unafunga na gundi yake inashika. Mashine nyingi za dijitali zinauzwa na mkanda wa saizi moja, na mkubwa ni wa kununua pembeni. Wenzetu wenye mikono minene waulizie huo kabla ya kulipa. Na usichukue mkanda wa kampuni nyingine ukauchomeka kwa sababu tundu limelingana, maana ile fomula ilitengenezwa na mkanda wake.

Mkono nao uwe umeegemezwa juu ya meza, mkanda usawa wa moyo. Mkono ukiwa umelazwa mapajani, namba ya juu inapanda kwa kama milimita 4, na ukiachwa unaning'inia inapanda kwa kama 6 au 7. Kliniki ngapi zina kiti chenye egemeo na meza pembeni? Mara nyingi mgonjwa anakaa kwenye stuli, mkono ameshikiwa au ameuning'iniza, na mazungumzo yanaendelea. Kuongea peke yake kunapandisha. Hapo mashine yoyote utakayoleta itapima kelele.

Wanaohitaji sikio

Wa kwanza ni wenye moyo unaopiga bila mpangilio. Fomula ya dijitali inategemea mapigo yanayofuatana kwa utaratibu. Mpigo mmoja ukiwa mkubwa, unaofuata mdogo, mwingine umechelewa, mitetemo inavurugika. Mashine itaonesha alama ya moyo uliokatika au itaandika E, yaani kosa, na wakati mwingine haitaonesha chochote ila namba ya uongo. Kwa hawa, kusikiliza kwa stetoskopu ndiyo njia inayoshauriwa, na hata hivyo kipimo kirudiwe mara kadhaa na kuchukuliwa wastani. Muuguzi makini hushika kwanza mshipa wa kifundo kabla ya kuamua atumie mashine ipi.

Wa pili ni wajawazito, na hapa sitaki mchezo. Katika kifafa cha mimba na hatua zinazokitangulia, mishipa inabadilika kiasi kwamba mashine iliyohakikiwa kwa watu wa kawaida inaweza kusoma chini ya ukweli, wakati ambapo ukweli ndio unaookoa maisha. Mashine ya kutumia kwa mjamzito lazima iwe imehakikiwa kwa wajawazito, na orodha niliyoitaja inawaweka katika kundi lao. Ipo moja iliyotengenezwa kwa mazingira yetu, Microlife CRADLE VSA, yenye taa za kijani, njano na nyekundu, na inayochajiwa kwa waya wa USB kama simu. Imehakikiwa mpaka kwa wajawazito wenye presha na imefanyiwa majaribio Afrika, Uganda ikiwemo. Kwa zahanati ya kijijini yenye mhudumu mmoja, mimi ningeichagua hiyo kabla ya mashine ya mshale ambayo haijalinganishwa tangu iletwe. Kwenye hospitali yenye mkunga mzoefu na mashine ya mshale inayotunzwa, namba ya dijitali inayotia shaka ithibitishwe kwa sikio.

Wengine niwapitie kwa haraka. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi na presha imeshuka sana: dijitali inahangaika inapampu na kurudia, ilhali mwenye ujuzi anapata namba ya juu kwa vidole tu kwenye kifundo. Mwenye kutetemeka mikono: mitetemo yake inachanganyika na ya mshipa. Mtoto: dijitali ikionesha presha iko juu, ithibitishwe kwa stetoskopu kabla ya kumpa mzazi habari nzito.

Tofauti nyingine ambayo si kosa la mashine

Turudi kwa mtu mzima wa kawaida. Wapo wanaopanda presha kwa kumwona tu mwenye koti jeupe, na mpimaji wa kupampu lazima awe amekukaribia, amekushika mkono, amekuinamia. Mashine za dijitali zinazojipima zenyewe mara kadhaa mgonjwa akiwa amekaa peke yake chumbani hupunguza hofu hiyo, na kwa kawaida hutoa namba za chini kuliko vipimo vya haraka vya kliniki. Utafiti mkubwa wa SPRINT wa Marekani, uliotoa majibu mwaka 2015, ulitumia mashine za namna hiyo. Nyumbani vilevile: ndiyo maana kikomo cha presha ya juu kwa kipimo cha nyumbani ni 135/85, si 140/90 cha kliniki. Wengi wanabeba namba ya kliniki nyumbani na kujiona wazima kwa milimita 5.

Kwa hiyo usilinganishe kipimo kimoja cha Jumanne kliniki na kimoja cha Jumamosi nyumbani. Pima asubuhi mara mbili na jioni mara mbili kwa siku 7, ukiwa umepumzika dakika 5, hujanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, kibofu kikiwa kitupu. Siku ya kwanza itupe, nyingine tafuta wastani. Huo wastani ndio wa kumpelekea daktari, na unamsaidia kuliko namba moja iliyoandikwa na mtu yeyote kwa mashine yoyote.

Za kifundoni, za kidoleni na saa

Za kifundo cha mkono zinakosea kirahisi kwa sababu kifundo hakitulii usawa wa moyo. Zina nafasi tu kwa mwenye mkono mnene ambao hakuna mkanda unaoutosha. Za kidoleni ziache dukani. Saa janja zisizo na mkanda wa upepo zinakisia tu, na nyingi zinataka uzirekebishe kila baada ya muda kwa mashine yenye mkanda, kwa hiyo mashine ya mkanda utainunua tu.

Ukishanunua

Wiki hiyohiyo, nenda nayo kliniki na mkanda wake. Omba ipimwe mkono uleule kwa zamu: mashine yako, kisha ya kupampu, kisha yako, kisha ya kupampu, kila mara mkipumzika dakika moja. Si kwa pamoja na si mikono miwili tofauti, kwa sababu mikono yenyewe inaweza kupishana. (Mara ya kwanza pimwa yote miwili, ukikuta tofauti inayozidi milimita 10, siku zote tumia ule wenye namba kubwa.) Wastani wa mashine mbili ukiwa ndani ya milimita 5, endelea kuitumia kwa amani. Ukizidi 10, irudishe kama risiti bado inafaa, na katikati ya hapo rudieni siku nyingine na mpimaji mwingine kabla ya kuilaumu. Dawa usiache wala usipunguze kwa sababu mashine zimegombana.

Baada ya hapo rudia zoezi hilo mara moja kwa mwaka. Betri zikianza kufa mashine itajaza upepo kwa kusuasua, zibadilishe zote kwa pamoja. Mpira ukipasuka au mkanda ukianza kuvuja, agiza wa kampuni ileile na saizi ileile, na usiuzibe kwa solotepu.